Jina la Tatu la Mbwa wa Baba

Baba yangu mzazi aliniamkia shikamoo mbele ya watu sitini, nami nikaitikia marahaba.

Rudia kusoma kama unadhani nimekosea kuandika. Mzee wa miaka sabini na nane, aliyenizaa na kunilipia shule, alisimama akanipa shikamoo mimi mwanawe, na mdomo wangu huu ukaipokea kana kwamba ni haki yake. Naandika bila jina kwa sababu bado naishi Tabora na bado nanunua nyanya soko lilelile. Wauza nyanya wameshaisikia habari hii. Waliobaki nawaambia leo.

Usinionee huruma. Nimekosa, tena nimekosa nikiwa na shahada mbili!

Nafundisha chuoni, na somo langu ni uongozi. Kanisani nilikuwa mzee wa kanisa na nikiendesha darasa la Jumatano, "Uongozi wa Kikristo katika Maisha ya Kila Siku". Jina hilo nililibuni mwenyewe, na niliona limetulia. Mifano yangu yote niliitoa nyumbani: mke wangu alivyosamehe hiki, binti yangu Neema alivyonifundisha kile, mbwa wetu alivyo mtii. Siku moja nilisema kiongozi wa Kikristo huonekana kwanza mezani kwake na kwenye banda la mbwa wake. Watu wakaandika kwenye madaftari. Mungu wangu, waliandika!

Mbwa mwenyewe hakuwa na banda. Alilala chini ya kitanda cha baba. Na hakuwa mbwa wangu.

Alikuwa wa baba. Baba alihamia kwetu miaka sita iliyopita, baada ya mama kufariki, akachukua chumba cha uani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa reli, si wa ofisini, wa njia yenyewe: wale wanaotembea juu ya reli kwa miguu, jua na mvua, wakikagua na kukaza. Siku moja nilikuwa na wageni kutoka chuo cha mbali. Nikawa nawaeleza jinsi misafara ya zamani ilivyotoka Tabora kupitia Tura kwenda pwani, na jinsi reli ilivyokuja kuifuata njia ileile. Baba alikuwa pale pale sebuleni.

"Haikufuata njia ileile," akasema. "Pale Tura inaiacha. Nimetembea zote mbili."

"Baba," nikasema, huku nikiwatabasamia wageni, "vitabu vinaonyesha vingine."

Kesho yake alileta kitoto cha mbwa kutoka kwa rafiki yake. Neema akauliza, "Babu, tumwite nani?"

"Anaitwa Msomi."

Kwetu huku, mtu akiwa na neno gumu kwa mtu, humpa mbwa wake. Jirani akikusengenya, mbwa anaitwa Semeni, na kila jioni unasimama uani unamwita kwa sauti kubwa mpaka ujumbe umfike. Basi kwa miaka mitatu nilikunywa chai yangu ya asubuhi nikisikia: "Msomi! Acha kula kiatu!" "Msomi, umeoga lini wewe?" "Neema, mke wangu, mwite Msomi ale, asije akatuhutubia kwa njaa!"

Mke wangu alicheka. Neema alicheka. Mimi nilisema hayanihusu, maana mtu mwenye elimu hagombani na jina la mbwa. Nilikuwa nachemka ndani kama maharage.

Sasa sikia kosa lenyewe.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu alihamia mkoa mwingine, nafasi ikawa wazi, jina langu likapendekezwa. Kwa taratibu zetu, kabla hujapigiwa kura, watu wawili watatu huja nyumbani kwako kunywa chai. Wao huita kutembeleana, lakini kila mtu anajua ni ukaguzi. Maandiko yanataka anayeongoza kanisa awe ameweza kwanza kuongoza nyumba yake, kwa hiyo wanakuja kuiona hiyo nyumba.

Nikaitazama nyumba yangu kwa macho ya wageni. Mke, hana doa. Mtoto, ana miaka tisa na anajua zaburi tatu kwa moyo. Sebule, mapazia mapya.

Halafu baba. Asubuhi baba hunusa ugoro, kisha hupiga chafya akizihesabu kwa sauti. Mchana hunywa wanzuki, ile pombe ya asali, na kibuyu chake hukaa wazi kando ya kiti kama mjukuu mwingine. Kanisani aliacha kwenda baada ya mazishi ya mama na hajawahi kusema kwa nini. Mwinjilisti mmoja kijana alikuja kumhubiria, baba akamuuliza, "Mama yako yu hai?" Akajibu yu hai. "Ulimwona lini?" Kijana akaanza kuhesabu kwa vidole. Baba akamwambia, "Kamwone kwanza, mimi siendi popote."

Na mbwa. Piga picha: mchungaji ameshika kikombe, anauliza habari za malezi, halafu uani inatoka sauti, "Msomi! Toka chooni, mjinga wewe!"

Hapana. Nilisema hapana.

Nilimpigia simu baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye analima Tura. Nikamwomba akae na kaka yake wiki mbili tu.

"Karibuni sana," akasema. "Mwambie aje tule viazi."

"Hatakubali, baba mdogo. Hataki kumwacha mbwa. Nitamwambia unaumwa."

"Mwanangu, kwa nini usimwambie ukweli?"

"Ukweli utamuumiza."

"Haya. Lakini mimi sitajilaza kitandani nijifanye nakufa. Nina bati la kugongelea."

Nilimkuta baba uani anamkuna mbwa shingoni. Nikasema kwa sauti ya huzuni, ile tunayotumia sisi wazee wa kanisa misibani, "Baba, baba mdogo amezidiwa. Anakuita."

Hakuuliza swali hata moja! Mtu anayeuliza bei ya chumvi mara tatu hakuniuliza swali hata moja. Aliinuka, akaacha ugoro wake wazi juu ya kiti, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amebeba lile koti jeusi, alilovaa mara ya mwisho siku tulipomzika mama.

Stesheni alinishika mkono. "Nikimkuta hai nitakupigia." Nikamjibu, "Mungu yupo, baba." Nilimtaja Mungu! Nimesimama pale, na tiketi ya uongo wangu iko mfukoni mwake, nikamtaja Mungu.

Kabla ya kupanda akageuka. "Umtunze Msomi. Hali mpaka aitwe jina."

Siku ya pili ilikuja simu. Nikapokea nikijiandaa kusikia matusi, na nilistahili yote. Baba alisema neno moja, "Amepona," akakata.

Nikajua amemkuta baba mdogo juu ya paa na nyundo. Unadhani niliona haya? Niliona nafuu! Nikajisemea angalau limekwisha. Kisha nikaitisha kikao cha familia, maana kwangu hata kununua mkate kulikuwa na kikao.

"Kuanzia leo," nikatangaza, "mbwa anaitwa Simba."

"Kwa nini?" akauliza Neema.

"Kwa sababu wageni wanakuja."

"Wageni hawapendi Msomi?"

Mke wangu aliweka chini sufuria aliyokuwa akiifuta. "Mimi sitasema uongo," akasema. "Wakiniuliza, nitajibu."

"Hakuna anayekuomba useme uongo. Nakuomba ulete chai."

Najua. Najua! Wewe unayesoma umeshanichukia, na bado hatujafika hata nusu.

Walikuja Jumapili mchana: mchungaji, na mama mmoja mzee wa kanisa ambaye hapa nitamwita Mama Yusta, mjane, mpole, mwenye macho ambayo hayaharakishi kitu. Nilikuwa nimefungia kibuyu, ugoro na kiti cha baba stoo. Nikawasalimia, nikawaketisha, nikasali sala ndefu.

"Na mzee?" akauliza mchungaji. "Nasikia unaishi na baba."

"Yuko Tura kwa ndugu yake. Alitamani mwenyewe kupumzika shamba."

"Ni vizuri kumpa mzee uhuru wake," akasema mchungaji, na Mama Yusta akanywa chai.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alingoja. Naapa alingoja aulizwe. Saa nzima walikaa na hawakumuuliza neno, ila kumshukuru kwa chapati. Nilihesabu hilo kama baraka ya Mungu. Leo nalihesabu kama fedheha yetu sote, maana nyumba ilikaguliwa na hatukumuuliza anayeikalia.

Tukatoka uani. Mbwa alikuwa amelala mbele ya mlango wa chumba cha baba. Siku ya tano hiyo, mbavu zimeanza kuonekana.

"Mbwa mzuri," akasema mchungaji. "Anaitwaje?"

"Simba."

"Simba! Simba, njoo!" Mbwa hata sikio hakulitikisa.

"Masikio yamechoka," nikasema. "Amezeeka." Mbwa ana miaka mitatu. Nikamwona Neema ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikawasindikiza. Nilipofungua geti, mbwa akachomoka kati ya miguu yetu kama mshale, akaelekea njia ya stesheni, na bodaboda inakuja kasi kutoka kulia. "Simba!" nikapaza sauti. "Simba! Simba!" Nilikuwa nampigia kelele mbwa asiyekuwepo.

"Msomi!" Neema akalia. "Msomi weee, rudi!"

Mbwa akasimama papo hapo. Bodaboda ikampita kwa upana wa kiganja, dereva akatutukana sisi na ukoo wetu. Mbwa akarudi, mkia chini, akasimama kando ya mtoto.

Mchungaji akafuta jasho. "Msomi ni nani?"

Na mimi, mwenye tasnifu juu ya uadilifu wa viongozi, nikajibu, "Ni mimi, mchungaji. Watoto hunitania hivyo."

Nilikubali kuchukua jina la mbwa ili nipate kiti! Mchungaji alicheka, akasema nyumba yenye utani ni nyumba yenye amani. Mama Yusta hakucheka. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, kisha akamsalimu mke wangu kwa mkono, akakawia kuuachia.

Nilishinda kwa kura nyingi.

"Sasa mrudishe baba," akasema mke wangu jioni ile ile.

"Baada ya kusimikwa. Kutakuwa na wageni."

Nikasimikwa. "Sasa mrudishe."

"Baada ya semina. Nina maandalizi."

Wiki mbili zikawa miezi mitatu, ndugu yangu. Sikuwa na sababu nyingine ila hii: nyumba ilikuwa shwari. Hakuna chafya zilizohesabiwa. Hakuna aliyeniita Msomi. Niliipenda hiyo amani, na nikaitolea somo darasani siku ya Jumatano.

Mbwa hakula. Nilipiga marufuku jina lake hata baada ya uchaguzi, nikisema jina hilo limekwisha. Neema alimlisha kwa siri akimnong'oneza jina sikioni, lakini mtoto akiwa shule mbwa alikaa na sahani yake imejaa nzi. Siku moja nilirudi kazini nikakuta mnyororo tuliomfunga tangu siku ya bodaboda umelala chini mtupu.

"Mbwa yuko wapi?"

"Nimempeleka kwa mwenyewe," akasema mke wangu. "Amepanda fuso la mahindi asubuhi. Wewe baki na Simba."

Tangu siku hiyo hakuniita tena baba Neema. Aliniita Mwenyekiti. "Mwenyekiti, chakula mezani." "Mwenyekiti, mtoto ana homa." Nilidhani ni heshima kwa siku mbili nzima. Elimu ni kitu cha ajabu!

Sasa semina. Mchungaji alipanga nifundishe wazee wa kanisa wa vijiji vya kando ya reli, na mahali palipochaguliwa ni Tura. Nilitaka kukataa, lakini ningesema nini? Nikajifariji kwamba baba haendi kanisani. Nikafika asubuhi na treni, nikaenda moja kwa moja kanisani, sikupita nyumbani kwa baba mdogo. Hatua mia tatu tu. Sikupita.

Ukumbi ulijaa. Mama Yusta naye alikuwepo, ametumwa na kanisa. Nikaandika ubaoni: KIONGOZI HUANZIA NYUMBANI. Nikaeleza juu ya Bwana aliyewaosha wanafunzi wake miguu. Watu wakaitikia vizuri. Nikanogewa. Nikaingia kwenye mifano ya nyumbani.

"Mimi nina mbwa wangu," nikasema. "Anaitwa Simba. Simba amenifundisha jambo: mbwa hamfuati anayemfokea, humfuata anayemjali..."

Nyuma kabisa mtu akapiga chafya. "Moja," ikasema sauti. Chafya tena. "Mbili."

Baba alikuwa ameketi benchi la mwisho, ndani ya lile koti jeusi, baba mdogo kando yake, na mbwa miguuni pao, amenenepa. Watu wa nyuma wakaanza kucheka chini chini. Wao walikuwa wanajua kitu nisichokijua mimi.

Baba akasimama. Ukumbi ukanyamaza kwa adabu, maana kule mzee akisimama watu hunyamaza.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

Lilitoka lenyewe! Nafundisha chuoni, wanafunzi mia huniamkia kila siku koridoni, nami hujibu bila kuinua macho kwenye simu. Mdomo umezoea. Lakini nani atanielewa? Wamama walishika vifua. Mzee mmoja wa mbele alisema, "Ee Mungu!" Baba mdogo akainamisha kichwa.

"Mmemsikia?" baba akawauliza watu. "Ameitikia."

"Baba, sikukusudia, mimi..."

"Nina swali moja tu, kisha nirudi kwenye wanzuki yangu. Huyu hapa ni mdogo wangu. Mwanangu aliniambia amezidiwa, ananiita. Nikaja na koti la msibani. Nikamkuta juu ya paa. Leo mwezi wa tatu namngoja afe, naye hafi. Ndiyo nauliza, Mwenyekiti: nimngoje mpaka lini?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka!

"Baba, naomba tuzungumze nje."

"Nje nilishawekwa." Akafunga kifungo cha koti. "Mwenyekiti, twende."

Nami nikapiga hatua. Haki ya Mungu nilipiga hatua, nikashuka kutoka pale mbele, nikashukuru kwamba hatimaye ananiita tukazungumze. Mbwa akainuka wakati uleule. Tukawa tunaelekea kwake wote wawili, mimi natoka mbele, mbwa anatoka chini ya benchi.

Baba akaniinulia kiganja. "Si wewe. Nimemwita huyu anayekuja akiitwa."

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Walicheka mpaka benchi likaanguka. Baadaye baba mdogo alinieleza: Neema alimpigia babu yake simu akamwambia, "Mume wangu, baba amembadilisha Msomi jina." Baba akajibu, "Kama mwanangu anaweza kumpa mbwa wangu jina, hata mimi ninaweza." Mwezi mzima kijiji kizima cha Tura kilikuwa kikisikia: "Mwenyekiti, acha kuku wa watu!" "Mwenyekiti, shuka kitandani, hicho si kiti chako!" Watoto wadogo walikuwa wanamrushia mfupa Mwenyekiti. Nami nikaja, nikasimama mbele ya watu haohao, nikajitambulisha kwa cheo.

Somo halikuendelea. Nilifuta ubao mwenyewe.

Mama Yusta alinikuta nje nikiwa nimesimama upande wa ukuta usio na watu. "Nilijua tangu siku ya bodaboda," akasema. "Mtoto alivyomwita yule mbwa, hakuwa anakuita wewe."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nikakupigia na kura, nikidhani kiti kitakuaibisha useme." Akatikisa kichwa. "Nami nimekosa. Lakini langu nitaliungama mimi."

Nilijiuzulu wiki hiyo. Usinisifu, hakuna ujasiri wa kuacha kiti ambacho mbwa amekikalia. Nilirudi Tura na nakala ya barua, nikampa baba. Aliisoma mstari kwa mstari, kisha akaikunja.

"Kwa hiyo umeacha madaraka."

"Ndiyo, baba."

"Basi amebaki mmoja." Akamtupia mbwa kipande cha kiazi. "Kula, Mwenyekiti. Huna mpinzani tena."

"Baba, nisamehe. Turudi nyumbani. Chumba chako kipo, kiti chako nimekirudisha."

"Ulikitoa?"

Nilikuwa sijamwambia kuhusu kiti.

"Wewe hujui kutubu," akasema. "Unatubu kama unavyofundisha. Unatoa yale uliyoyaandaa."

Tangu hapo naenda Tura Jumamosi moja na kuruka inayofuata. Nikifika nasema, "Shikamoo, baba." Hajaitikia mpaka leo. Humgeukia mbwa, husema, "Mwenyekiti, umeamkiwa, mwitikie mwenzako." Majirani wanaofika kuchota maji hupunguza mwendo ili wasikie.

Halafu hunipa kazi. Mbwa ana kupe, na baba macho yake hayaoni tena vizuri. Basi mimi hukaa chini mavumbini, natia kichwa cha mbwa mapajani, natoa kupe sikioni mmoja mmoja, naosha miguu yake kwa dawa kwenye beseni. Miguu minne. Baba husimama juu yangu na kibuyu chake. "Huku bado. Katikati ya vidole. Hukufundishwa katikati ya vidole?" Darasa la kuosha miguu nililifundisha miaka minane, na sikuwahi kujua kwamba maji huchafuka kwa mguu wa kwanza tu na lazima uinuke ukachote mengine.

Mke wangu ameanza kuniita kwa jina langu la ubatizo. Si baba Neema bado. Neema huenda nami, na tukifika hupokelewa kama malkia, yeye na babu yake hugombana na kuchekana, nami naendelea na kupe.

Jumamosi iliyopita nilimaliza mguu wa nne, nikauliza bila kuinua kichwa, "Baba, reli inaiacha wapi njia ya misafara?"

Aliweka kibuyu chini. "Lete koti langu," akasema. "Ni mwendo. Na usinieleze chochote njiani."

Tukatembea, yeye mbele, mbwa wa pili, Neema wa tatu, mimi nyuma kabisa. Alinionyesha. Alikuwa sahihi. Aligonga ardhi kwa fimbo, akasema, "Hapa," kisha akageuka kurudi. Nilimshukuru. Alimwita mbwa, na jina bado ni lilelile. Nilisikiliza kwa makini, kama ninavyosikiliza kila safari. Bado ni lilelile.

Basi wewe unayegombea kiti chochote cha kumtumikia Mungu, nakuonya. Wageni wakija kukagua nyumba yako, usipange sebule. Mtoe mzee chumbani pamoja na ugoro wake na kibuyu chake, mkalishe kwenye kiti kizuri kuliko vyote, wamsikie yote, na ukinyimwa kura, nyimwa! Usimtaje Mungu stesheni. Wanaokuamkia, inua macho uwaone kabla hujaitikia. Na kama baba yako anafuga mbwa, acha kusoma makala haya sasa hivi, nenda ukamuulize huyo mbwa anaitwa nani.